Fort Christmas au Heritage Village? Ulinganisho wa Vijiji Viwili vya Walowezi katika Jimbo la Florida

Wageni wengi wanaofika Florida huishia kwenye fukwe na kwenye viwanja vya burudani vya Orlando, ambako tiketi ya siku moja ya mtu mmoja huzidi dola 100. Wachache hutambua kwamba kaunti mbili za jimbo hilo, yaani Orange iliyo katikati na Pinellas iliyo kwenye pwani ya magharibi, zimetenga ardhi ya umma ili kuhifadhi nyumba, shule, maduka na vifaa vya walowezi wa kwanza, na kwamba zote mbili humkaribisha mtu bila kiingilio. Fort Christmas Historical Park iko katika mji mdogo wa Christmas, takriban kilomita 40 mashariki ya Orlando. Heritage Village iko Largo, upande wa pili wa ghuba kutoka Tampa. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari, tena kupitia barabara kuu ya I-4 inayosifika kwa msongamano, hivyo mwenye siku moja hana budi kuchagua.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo: mzazi anayeishi Florida na anayetaka watoto wake waijue nchi wanayokulia, mwalimu anayepanga ziara ya wanafunzi, au mgeni aliyekuja kuwatembelea jamaa zake na kubakiwa na siku moja kabla ya kurejea nyumbani. Maoni yangu nitayasema tangu mwanzo ili msomaji ayapime anapoendelea kusoma. Fort Christmas inaeleza vizuri zaidi jinsi ardhi ilivyochukuliwa na jinsi watu wachache walivyoishi juu yake wakiwa mbali na kila kitu, ilhali Heritage Village inaeleza vizuri zaidi jinsi mashamba yaliyotawanyika yalivyogeuka kuwa miji. Anayelijua moja tu kati ya mambo hayo mawili ameijua nusu ya habari, lakini kuna nusu inayopaswa kutangulia.

Sheria iliyowaleta walowezi

Maeneo yote mawili yana chanzo kimoja, na ni vema mtu akifahamu kabla ya kuingia katika nyumba ya kwanza. Mwaka 1830 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili wa kusini-mashariki hadi magharibi ya mto Mississippi. Waseminole wa Florida walikataa, na pamoja nao walikataa watu weusi waliokuwa wamekimbia utumwa katika mashamba ya Georgia na Carolina wakapata hifadhi miongoni mwao. Vita vilivyozuka Desemba 1835 viliendelea hadi mwaka 1842. Takriban wanajeshi 1,500 wa Marekani walipoteza maisha, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi, na maelfu ya Waseminole walisafirishwa kwa nguvu kwenda magharibi. Mamia machache waliojificha katika vinamasi vya kusini hawakujisalimisha, na vizazi vyao wangali Florida hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1842, serikali ilitangaza kwamba mkuu yeyote wa familia, au mwanamume asiye na mke aliyezidi miaka 18, atakayekuwa tayari kubeba silaha na kuhamia sehemu ya kusini ya rasi, atapewa ekari 160 za ardhi, kwa masharti kwamba ajenge nyumba, alime angalau ekari tano na akae hapo miaka mitano. Nyumba kongwe ambazo mgeni ataziona, hasa kule Pinellas, ni matunda ya sheria hiyo na ya nyingine zilizofuata. Kwa hiyo kila kizingiti cha mbao anachokivuka kina historia ya jeshi nyuma yake, hata pale ambapo vyombo vya jikoni na vitanda vilivyotandikwa vizuri vinamsahaulisha.

Fort Christmas: boma na nyumba za upweke

Jina la mji huu, ambalo ni jina la Krismasi, halikutokana na sherehe yoyote. Tarehe 25 Desemba 1837, kikosi cha wanajeshi wa Marekani na askari wa kujitolea kutoka Alabama, wapatao 2,000, wakiongozwa na Jenerali Abraham Eustis, kilianza kujenga boma karibu na hapo ili liwe ghala la chakula na silaha kwa majeshi yaliyokuwa yakielekea kusini. Siku hiyohiyo, mbali zaidi upande wa kusini, Kanali Zachary Taylor, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, alipigana na Waseminole kando ya ziwa Okeechobee katika mojawapo ya mapigano makubwa kabisa ya vita vile. Miezi miwili kabla yake, Osceola, kiongozi aliyekuwa na ushawishi mkubwa miongoni mwa Waseminole, alikamatwa alipokuja kwenye mazungumzo chini ya bendera nyeupe, akafia kifungoni Januari 1838. Boma la Christmas ni sehemu ya majira hayo mabaya, na lilitumika kwa muda mfupi tu.

Boma analoliona mgeni leo si lile la mwaka 1837. Ni mfano wake, uliojengwa na kaunti mwaka 1977, si mahali palepale hasa bali karibu napo. Vipimo vyake vinafuata vile vya asili: uzio wa magogo ya misonobari yaliyochongwa ncha, wenye upande wa futi 80, yaani kama mita 24, pamoja na minara miwili ya ulinzi ya mraba, kila mmoja ukiwa na upande wa futi 20. Ndani ya minara hiyo ndimo yalimo makumbusho yenyewe, na maonyesho yake yanagawanyika kati ya vita vya Waseminole na maisha ya walowezi waliofuata. Nafasi ni ndogo. Msomaji mwenye haraka atayamaliza kwa nusu saa, lakini namshauri asiharakishe, kwa kuwa bila sehemu hii nyumba zinazofuata hazielezeki. Kusimama ndani ya uzio ule, ambao mtu huuvuka kwa hatua chache kutoka ukuta hadi ukuta, humfanya aelewe kwa mwili wake jinsi jeshi kubwa lilivyojihisi dogo katika nchi lisiyoijua.

Nje ya boma kuna nyumba saba zilizokusanywa na kukarabatiwa, zinazoonyesha maisha ya walowezi wa Florida ya kati kuanzia miaka ya 1870 hadi ya 1930. Hapa ndipo Fort Christmas inapostahili sifa kubwa kuliko yote. Nyumba hizo zimetoka katika ujirani mmoja wa misitu, malisho na vinamasi vya mto St. Johns, na kwa sababu hiyo tofauti zilizopo kati yake zinafundisha. Mgeni anaweza kutembea kutoka nyumba ya kizazi kimoja hadi ya kizazi kinachofuata akaona jinsi dirisha la kioo lilivyoingia, jinsi vyumba vilivyoongezeka, jinsi jiko lililotengwa nje kwa kuogopa moto na joto lilivyosogezwa polepole hadi likaunganishwa na nyumba. Nyingine, ile ya Beehead Ranch, ililetwa kutoka Tosohatchee, eneo lililojulikana kwa uwindaji, ambalo sasa ni hifadhi ya wanyamapori.

Ujenzi wake ni somo tosha kwa mtu anayependa kujua jinsi watu walivyoishi kabla ya kiyoyozi. Nyumba iliinuliwa juu ya nguzo fupi ili upepo upite chini ya sakafu na maji ya mvua yasiingie. Baraza pana lilizunguka upande mmoja au zaidi ili jua lisipige ukuta. Na katika baadhi ya nyumba za aina hii kulikuwa na ukumbi ulio wazi katikati, wenye vyumba pande zote mbili, uliovuta hewa kutoka mbele hadi nyuma. Mbao zilitoka katika moyo wa msonobari, sehemu yenye utomvu mwingi ambayo mchwa huikwepa. Msomaji aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki hatahitaji kuelezwa kazi ya baraza, ila atashangaa kuona kwamba watu waliokuja kutoka mahali pengine kabisa walilifikia suluhisho lilelile kwa kulazimishwa na jua.

Wenyeji wa nyumba hizi waliishi kwa ng'ombe kuliko kwa mazao. Ng'ombe wa Florida ni wa ukoo ulioletwa na Wahispania katika karne ya 16, wadogo, wavumilivu wa joto na wadudu, na kwa miaka mingi walichungwa bila uzio, wakitambuliwa kwa chapa na kwa alama za masikio. Malisho hayo ya wazi yalikoma kisheria mwaka 1949 tu, ambao si zamani sana. Michungwa nayo ilikuwapo, lakini baridi kali ya majira ya 1894 hadi 1895 iliiua kwa wingi katika Florida yote ya kati, na familia nyingi zikarudi kwenye ng'ombe, uwindaji na bustani ndogo za kujikimu. Mwongozaji akiulizwa kuhusu baridi ile atakuwa na mengi ya kusimulia, na ni vizuri aulizwe, maana vyombo vya ndani peke yake haviwezi kumwambia mtu kwa nini familia iliyokuwa na dalili za ustawi ilikaa miaka mingine ishirini bila kuongeza chumba.

Kuna pia shule ya mwaka 1906 yenye chumba chake cha kulia kilichojengwa baadaye, katika miaka ya 1930, pamoja na kinu cha kukamulia miwa, ambayo maji yake yalichemshwa katika masufuria makubwa ya chuma hadi yakawa asali nzito ya kutumia mwaka mzima. Mwanzoni mwa Desemba hufanyika tamasha la siku za walowezi, ambapo watu wa kujitolea huvaa mavazi ya kale, hufua vyuma, hutengeneza sabuni na kupika kwa kuni. Kwa mtoto, siku hiyo moja ina thamani kuliko ziara kadhaa za siku za kawaida. Vilevile katika mwezi huo watu hufurika kwenye ofisi ya posta ya mji ili kadi zao za Krismasi zigongwe muhuri wenye jina hilo.

Heritage Village: mji uliokusanywa

Kaunti ya Pinellas ilizaliwa tarehe 1 Januari 1912, baada ya wakazi wa rasi hiyo kuchoka kutawaliwa kutoka Tampa, ng'ambo ya ghuba, na kupiga kura ya kujitenga na kaunti ya Hillsborough. Leo ndiyo kaunti yenye msongamano mkubwa wa watu kuliko zote za Florida. Jambo hilo ndilo linaloeleza kuwapo kwa Heritage Village: nyumba za kale zilikuwa zikibomolewa ili kupisha barabara, maduka na majengo ya ghorofa, na kuanzia katikati ya miaka ya 1970 kaunti ilianza kuziokoa kwa kuzihamisha hadi kwenye ekari 21 za msitu wa misonobari mjini Largo. Kule Christmas adui wa nyumba alikuwa uozo na kuachwa ukiwa. Hapa adui alikuwa bei ya kiwanja.

Majengo ni karibu thelathini, na umbali wa miaka kati yake ni mkubwa. Jengo kongwe ni nyumba ya magogo ya McMullen na Coachman, ya mwaka 1852, ambayo ndiyo jengo la kale kuliko yote lililosalia katika kaunti nzima. Ilijengwa miaka kumi tu baada ya ile sheria ya ekari 160, na anayeitazama kwa makini ataona alama za shoka kwenye magogo yaliyochongwa kwa mkono na kuunganishwa pembeni kwa kuchanjwa. Hatua chache kutoka hapo, mtu hukutana na nyumba ya mapaa saba ya mwaka 1907, yenye vyumba kumi na vitatu, iliyojengwa kwa ajili ya watu waliokuja Florida kuota jua la majira ya baridi. Nyumba hiyo ilihamishwa kutoka Clearwater kwa tishari kupitia majini. Baina ya majengo hayo mawili ipo miaka hamsini na mitano tu, na mtu akisimama mahali anapoweza kuyaona yote mawili ataelewa jambo ambalo Fort Christmas haiwezi kumwonyesha: kasi ambayo fedha kutoka nje iligeuza rasi ya wakulima na wavuvi kuwa mahali pa mapumziko ya matajiri.

Kilicholeta fedha hiyo ni reli. Mwaka 1888 Orange Belt Railway ilifika mwisho wa rasi, chini ya usimamizi wa Peter Demens, Mrusi aliyehamia Marekani, na mji uliochipuka pale ukapewa jina la mji mkuu wa Urusi wa wakati huo, St. Petersburg. Kijijini pana stesheni ya Sulphur Springs, ya mwaka 1924, iliyoletwa kutoka upande wa Tampa. Ni jengo dogo, lakini mpangilio wake una mambo ya kufundisha kwa uchungu, kwa kuwa stesheni za kusini mwa Marekani wakati huo ziliwatenga abiria weupe na weusi kwa sheria, na mzazi anayepita hapo na watoto hana sababu ya kunyamaza kuhusu hilo. Duka la H. C. Smith, la mwaka 1915, ndilo linalowavutia watoto kuliko yote, kwa rafu zake za makopo, mizani na vitu vya matumizi ya nyumbani. Kanisa la Safety Harbor, la mwaka 1905, ni zuri na tulivu, na huhitaji dakika chache tu.

Majengo mawili yanayohusu elimu ndiyo ningependa kila mgeni ayatembelee kwa kufuatana. Shule ya Harris ni mfano uliojengwa upya wa shule ya chumba kimoja, ambayo madarasa ya wanafunzi wa leo huja kukalia madawati yake na kusoma kama walivyosoma wenzao wa miaka ya 1910. Union Academy, kwa upande mwingine, ni jengo lililotoka Tarpon Springs, lililotumika kuwasomesha watoto weusi katika enzi za ubaguzi. Mtu akitoka moja akaingia nyingine, historia ya kaunti inaacha kuwa hadithi ya familia chache zenye majina kwenye barabara. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo jema kuliko yote katika Heritage Village, nalo linaipa ubora fulani juu ya Fort Christmas, ambayo nyumba zake zote ni za walowezi weupe.

Pamoja na majengo, kijiji kina jumba la maonyesho linalobadilishwa mara kwa mara, na maktaba ya kumbukumbu yenye ramani, picha na hati za kaunti. Mtafiti, mwanafunzi wa chuo au mtu anayefuatilia historia ya mtaa wake hatapata kitu kinacholingana nayo kule Christmas.

Ukweli wa mpangilio

Hapa pana jambo linalohitaji kupimwa kwa makini, kwa sababu ndilo linaloamua kile ambacho mgeni anaondoka nacho. Hakuna kati ya vijiji hivi viwili kilichowahi kuwa kijiji. Nyumba zote zimehamishwa, na kuhamishwa kunaondoa mengi: kisima, mti uliotoa kivuli, upande wa upepo ambao mjenzi alikuwa ameukusudia, na umbali wa kufika kwa jirani. Kule Christmas, familia hizi ziliishi zikiwa zimetenganishwa na maili nyingi za misitu. Sasa nyumba zao zinatazamana kana kwamba mama wa nyumba moja angeweza kumwomba wa nyumba ya pili chumvi kwa sauti. Kule Largo, nyumba ya magogo ya 1852 na stesheni ya 1924 zinaonekana kama za wakati mmoja, ingawa aliyeijenga ya kwanza hakuwahi kuota kwamba treni ingefika hapo.

Hata hivyo kosa hilo si la uzito mmoja. Fort Christmas imepotosha umbali tu. Aina ya maisha, ardhi, miti na hata joto lenyewe vimebaki vilevile, na nje ya uzio wa hifadhi bado kuna malisho na vinamasi vinavyofanana na vile vya miaka ya 1880. Heritage Village imepotosha umbali pamoja na wakati, na mgeni asiyesoma vibao vya miaka huondoka na picha ya mji ambao haukuwahi kuwapo. Tiba yake ni rahisi: anzeni na nyumba ya magogo, mwendelee kwa kufuata miaka badala ya kufuata njia, hata kama hilo litawalazimu kurudi nyuma mara mbili tatu. Mwongozaji akipatikana, mwombeni afanye hivyo.

Kuhusu waliokuwapo kabla ya walowezi, Fort Christmas inalikabili suala hilo waziwazi zaidi, kwa kuwa boma lenyewe halina maana pasipo Waseminole. Bado, ni boma la upande mmoja wa vita, na mgeni atafanya vema kuuliza habari za watu weusi waliopigana pamoja na Waseminole, kwa maana katika hesabu ya watu ya mwaka 1860, miaka kumi na minane baada ya vita, watu 61,745 kati ya 140,424 waliohesabiwa Florida walikuwa watumwa. Anayechagua Heritage Village anaweza kuziba pengo la wenyeji wa asili kwa kupitia Philippe Park, hifadhi nyingine ya kaunti iliyo Safety Harbor, ambako kilima cha hekalu la Watocobaga kingali kimesimama kando ya ghuba. Hakuna nyumba wala samani pale, ila ni mahali pa kweli, palepale watu wale walipoishi.

Mambo ya njia, joto na wazee

Mtu asiye na gari asijaribu kwenda Christmas. Largo inafikika kwa basi, kwa kuwa magari ya umma ya kaunti hupita barabara ya Ulmerton, ingawa kutoka kituoni kuna mwendo wa miguu. Kwa mwenye gari anayetoka Orlando, Christmas inafikika kwa barabara ya jimbo namba 50 bila kulipia, na safari inaweza kuunganishwa na Orlando Wetlands Park iliyo jirani, kinamasi kilichotengenezwa ili kusafisha maji yaliyotumika ya jiji, ambapo ndege wa majini na mamba huonekana bila shida. Anayetoka Tampa au St. Petersburg ataunganisha Heritage Village na bustani ya mimea ya Florida Botanical Gardens iliyo ubavuni mwake, nayo pia haina kiingilio.

Bustani hiyo na misonobari mirefu ya Largo huleta tofauti kubwa kwa wazee na kwa mama mwenye mtoto mchanga, kwa maana kivuli kipo karibu kila mahali na njia zinatosha kupitisha kigari. Tatizo ni ngazi za nyumba zenyewe, ambalo lipo pande zote mbili kwa sababu nyumba za zamani ziliinuliwa. Anayetumia kiti cha magurudumu apige simu mapema aulize ni zipi zenye ngazi ya mteremko. Fort Christmas ina faida nyingine: ni uwanja wa kaunti hasa, wenye vibanda vya kulia chakula, majiko ya kuchomea nyama, uwanja wa watoto na viwanja vya michezo, hivyo familia kubwa iliyobeba vyakula vyake inaweza kukaa kutwa nzima, wakubwa wakizungumza huku watoto wakienda na kurudi kati ya bembea na boma. Kule Largo sikuona kama mahali panapofaa kwa karamu ya aina hiyo. Panafaa kwa kutembea taratibu na kusoma.

Kwa majira, miezi ya Novemba hadi Aprili ndiyo bora kwa zote mbili. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua za radi hunyesha karibu kila alasiri, mbu ni wengi, hasa upande wa mto St. Johns, na msimu wa vimbunga huendelea hadi mwisho wa Novemba, kiasi kwamba hifadhi za pwani kama ya Largo huweza kufungwa ghafla kwa matengenezo. Tovuti za kaunti zitazamwe asubuhi ya safari, na zaidi ya saa za kufungua lango, iangaliwe saa ya ziara zinazoongozwa, kwa kuwa nje ya ziara hizo nyumba kadhaa hutazamwa kutoka barazani tu, na mtu aliyesafiri mbali akakuta milango imefungwa hupoteza sehemu kubwa ya kile alichokifuata.

Uamuzi

Mwalimu anayefundisha historia ya Marekani, na kila mtu anayetaka kuelewa Florida ilitokana na nini, aende Fort Christmas kwanza. Ina majengo machache na makumbusho madogo, lakini inaanza pale habari inapoanza, kwenye vita, na kisha inakaa na aina moja ya maisha kwa muda wa kutosha hadi mtu ayaelewe. Familia yenye watoto wanaohitaji kukimbia, au kikundi kinachotaka kula pamoja, nacho kitapata zaidi hapo.

Anayekwenda na wazee, anayeishi upande wa Tampa, asiye na gari, au anayevutiwa na miji, reli, biashara na elimu ya watu weusi katika enzi za ubaguzi, achague Heritage Village bila kusita, na atenge angalau saa tatu, maana haraka pale huchanganya miaka. Mtafiti hana la kuchagua: kumbukumbu ziko Largo.

Na kwa mwenye wikendi mbili, mpangilio ninaoupendekeza ni Christmas katika wikendi ya tamasha la Desemba, kisha Largo Januari au Februari, majani ya misonobari yakiwa makavu njiani na joto likiwa limepungua kiasi cha kuwawezesha wote kuzunguka majengo yote kwa kufuata miaka yake, kuanzia 1852.